Gede Haikupotea

Andika neno Gede kwenye TikTok uone kitakachokuja. Video ya kwanza ni muziki wa kutisha, kamera inapita polepole kati ya kuta za mawe, halafu sauti nzito inakwambia huu ni mji uliotoweka na hakuna ajuaye watu wake walienda wapi. Video ya pili ni majini. Ya tatu ni majini tena, safari hii na tumbili. Nimezitazama nyingi, na sina ugomvi na wasee wanaozitengeneza, kila mtu anatafuta riziki yake. Ugomvi wangu ni na hiyo stori yenyewe. Eti mji uliopotea. Ulipotea kwa nani?

Gede ni kijiji, hilo kwanza. Kina soko, shule, bodaboda zimejipanga, akina mama wanauza mahamri na mbaazi kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, pale inapokata njia ya Watamu. Kutoka Mombasa ni kama kilomita 100 hivi kaskazini. Sisi wa Nairobi tunashuka SGR, tunapanda matatu ya Malindi, tunapita Mtwapa, tunavuka daraja la Kilifi, tunafika Gede tumechoka, tunarukia tuktuk hadi ufuoni Watamu na hatugeuzi hata shingo. Mchanga mweupe unatuita. Na hapo nyuma, mwendo mfupi tu kutoka barabarani, kuna mji mzima wa mawe ndani ya msitu, ekari 45, wenye ikulu, msikiti mkuu, nyumba, visima na kuta mbili za kuuzunguka. Julai 2024 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Siku hiyo kwenye simu yangu watu walikuwa wanabishana mambo ya mpira.

Watu walianza kukaa hapo karne ya 11 au 12. Mji ukashamiri karne ya 14 na 15, na kufikia mwanzo wa karne ya 17 ukaachwa. Piga hesabu: hiyo ni karibu miaka 500 ya watu kuzaliwa, kuoana, kudaiana na kuzikana mahali pamoja. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899. Gede iliishi karibu mara nne ya umri wa jiji lote unalolijua, na tunaielezea kwa neno moja: siri.

Hebu tuanze na choo. Najua ungependa nianze na ikulu, lakini choo kinasema ukweli zaidi. Nyumba za mawe za Gede zina vyoo vya ndani, vya shimo, na kando yake sehemu ya kujisafishia kwa maji. Karne ya 15 hiyo. Sasa fikiria ile ploti yako ya Pipeline, choo kimoja nyumba nane, na mwenye ufunguo ameenda kazini. Halafu mtu aje akwambie hao wa Gede walikuwa watu wa ajabu waliopotea msituni. Walikuwa watu wa mjini, mtu wangu. Walipenda usafi, na walikuwa na fundi wa kuwajengea.

Na fundi huyo alijua kazi. Kuta ni za matumbawe, yale mawe ya baharini, na chokaa yake ilitoka kwa matumbawe hayohayo yaliyochomwa. Ukiingia kwenye nyumba hizi kitu kimoja kitakushangaza: vyumba ni virefu lakini vyembamba, kama korido. Sababu iko juu, kwenye dari ambayo haipo tena. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, haivutiki. Kwa hiyo upana wa chumba chako uliamuliwa na mti kutoka mkondo wa bahari. Tajiri aliyetaka nafasi zaidi alijenga vyumba vingi, hakupanua kimoja. Nenda Lamu leo utaona nyumba zinazofuata hesabu hiyohiyo, na watu wanaishi ndani.

Ikulu ina ua ambapo mtawala alisikiliza watu, na ndani kuna chumba cha hazina ambacho hakina mlango. Uliingia kupitia tundu la juu ukutani. Mwizi wa karne ya 15 alikuwa na kazi.

Karibu na ikulu ni msikiti mkuu, wa karne ya 15. Paa limeanguka, nguzo zimebaki, mihrabu imebaki. Juu ya mlango mmoja kuna mkuki umechongwa. Simama hapo dakika moja. Mkuki juu ya mlango wa msikiti. Waliojenga walikuwa Waislamu barabara, waliswali kibla kama wenzao wa Cairo na Makka, lakini ishara waliyoitaka mlangoni ilikuwa ya hapahapa. Hakuna aliyewaambia wachague kati ya kuwa Waafrika na kuwa Waislamu. Swali hilo tumelitengeneza sisi baadaye.

Hatua chache kutoka hapo kuna kaburi lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Wachimbaji wanalipenda kaburi hilo kwa sababu linawapa mwaka kamili, na ukijua mwaka mmoja kwa hakika unaweza kupanga mengine kulizunguka.

Sasa nyumba. Utaonyeshwa Nyumba ya Mikasi, Nyumba ya Sarafu za China, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Shanga za Venice, Nyumba ya Kauri. Majina matamu. Lakini ona kilichotendeka: kila moja ya hizi imepewa jina la kitu kilichookotwa ndani yake. Hakuna hata moja iliyo na jina la aliyeishi humo. Ni kama mtu avunje nyumba ya nyanya yako miaka 500 ijayo, akute kikombe kilichotengenezwa ng'ambo, aandike "Nyumba ya Kikombe cha Kigeni", na hapo stori ya nyanya yako iwe imeisha. Na vitu vingi vilivyochaguliwa kuwa jina ni vile vilivyotoka mbali. Vigae vingi vilivyofukuliwa Gede ni vya vyungu vya udongo vilivyofinyangwa hapahapa pwani, vya kupikia, vya maji. Havikupata nyumba.

Sipuuzi vya mbali, hapana. Sarafu za China ndani ya nyumba ya Kilifi si mchezo. Kaure za China na shanga zilifika kwa sababu kulikuwa na kitu cha kubadilishana, na biashara ya pwani hii ilijulikana mpaka mwisho wa dunia. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi, jirani wa kilomita kama 16 tu, walimpelekea mfalme wa China twiga. Twiga mzima, kwa meli. Pwani ilijulikana huko miaka 83 kabla ya Vasco da Gama kuonekana Malindi mwaka 1498. Ndiyo maana inanikera tunapofundishwa kana kwamba historia ya pwani ilianza Mreno alipotia nanga.

Na huyo Mreno ndiye chanzo kimoja cha stori ya siri. Wareno walikaa Malindi karibu miaka 100, mpaka mwaka 1593 walipohamishia makao yao Mombasa na kuanza kujenga Fort Jesus. Muda wote huo, katika barua na ripoti zao zinazojulikana, hawakuutaja mji wa Gede kwa jina hilo. Basi watu wakasema: ajabu! Mji mkubwa hivi, na Mreno hakuuona! Lakini tulia kidogo. Jina Gede lenyewe ni la baadaye, linaelezwa kuwa la Kioromo, lenye maana ya kitu cha thamani. Watafiti wengine wanaona mji uliitwa Kilimani. Kama Mreno angeandika, asingeandika Gede. Na hata kama hakuandika kabisa, Mreno kutoandika si sawa na mji kutokuwepo. Mamako pia hajaandikwa na Mreno.

Mwaka 1884 akaja John Kirk, mwakilishi wa Uingereza aliyekaa Zanzibar. Mwaka 1927 serikali ya kikoloni ikalitangaza eneo kuwa la kihistoria. Halafu mwaka 1948 akaja James Kirkman, mwanaakiolojia, akachimba hadi 1958. Tumpe haki yake: bila Kirkman nusu ya ninayokwambia hapa yasingejulikana. Alisafisha, alipima, aliandika, alihifadhi. Lakini mwaka 1954 alipotoa kitabu chake kuhusu uchimbaji wa msikiti mkuu, alikiita The Arab City of Gedi. Mji wa Kiarabu.

Labda unasema, jina la kitabu tu, linatuhusu nini? Linatuhusu sana, na ili uone kwa nini inabidi tutoke kwenye magofu kidogo tuingie kwenye mambo ya shamba.

Waingereza walipotangaza himaya yao mwaka 1895, ukanda wa maili 10 wa pwani ulihesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, nao wakaukodi kwake. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye madai ya shamba pwani aje athibitishe. Walioweza kuthibitisha walikuwa hasa familia za Kiarabu na za Kiswahili zilizokuwa na uwezo, karatasi na njia ya kufika ofisini. Wamijikenda wengi, waliolima na kuzika watu wao kwenye ardhi hiyo bila karatasi yoyote, waliamka wakiwa maskwota. Ukipita Kilifi leo ukasikia watu wanazungumzia hati, mzizi wa mazungumzo hayo uko hapo. Sasa weka juu yake kitabu cha msomi kinachosema hata yale majengo ya kale, hata mji uliolala msituni, ni ya Waarabu. Simaanishi Kirkman alikaa chini apange kunyang'anya mtu shamba. Aliandika kama watu wa wakati wake walivyofikiri: jengo la mawe Afrika lazima limeletwa. Lakini wazo hilo lilikuwa na kazi. Lilimfanya mwenyeji aonekane mgeni kwake.

Na hao wenyeji hawakukaa kimya. Mwaka 1913, si mbali na hapa, Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama wakatae kodi na kazi za lazima za Waingereza. Wakamkamata, wakampeleka mpaka Kisii, upande wa pili wa nchi kabisa. Akatoroka akarudi kwao. Mwaka 1914 Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti. Kaya ni mahali patakatifu pa Wamijikenda, mji wa asili ndani ya msitu. Miaka 34 baadaye serikali ileile ikamleta mtaalamu kuhifadhi mji mwingine wa kale ndani ya msitu mwingine wa nchi hiyohiyo ya Wagiriama. Mmoja ulipigwa baruti, mwingine ukapewa mlinzi. Nikifikiria hilo huwa nashindwa kuendelea na maneno.

Basi Gede ni ya nani? Wanaakiolojia waliokuja baadaye, wakiwemo Wakenya kama George Abungu na Chapurukha Kusimba, walionyesha kwamba miji ya Waswahili ilikua kutoka vijiji vya Waafrika wa hapa, wakulima, wavuvi na wahunzi waliozungumza lugha za Kibantu, kisha ikatajirika kwa biashara. Msikiti wa mawe mara nyingi unakuta chini yake wa udongo na miti. Hakuna meli iliyokuja na mji ndani.

Halafu mwaka 2023 ukatoka utafiti mkubwa katika jarida la Nature, Kusimba akiwa mmoja wa waandishi. Walichunguza DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania kati ya mwaka 1250 na 1800. Matokeo hayakumfurahisha mtu yeyote kikamilifu, na kwangu hiyo ni dalili nzuri. Kwa upande wa akina mama, asili ilikuwa karibu yote ya Kiafrika. Kwa upande wa akina baba, kulikuwa na sehemu kubwa kutoka Asia, hasa Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Kwa hiyo wazee wa Kiswahili waliosema siku zote kwamba babu zao walitoka Shirazi hawakuwa wanajipaka sifa. Na wale waliosema huu ni mji wa Waafrika nao walisema kweli. Mfanyabiashara alifika, akaoa kwa watu, na watoto wakazungumza lugha ya mama yao. Ndiyo hii tunayoandikiana sasa hivi.

Turudi ndani ya kuta, kwa sababu kuna jambo moja linanisumbua kuhusu jinsi hata sisi tunaoipenda Gede tunavyoitembelea. Kuta ni mbili. Wa nje unazunguka ekari zote 45. Wa ndani, ambao wachimbaji wanasema ulijengwa baadaye, unazunguka ikulu, msikiti mkuu na nyumba za mawe. Sehemu kubwa unayoonyeshwa iko ndani ya ukuta wa ndani. Lakini watu wengi wa Gede hawakukaa kwenye mawe. Walikaa nyumba za udongo, miti na makuti, na nyumba hizo hazikuacha ukuta wa kupigia picha. Kati ya kuta mbili leo unaona miti na majani. Hapo ndipo walipokaa waliofinyanga vile vyungu, waliochoma chokaa, waliobeba maji. Unajua mitaa yetu yenye geti na mlinzi, halafu ng'ambo ya ukuta mabati yanaanza? Si jambo jipya.

Sasa lile swali la kila video: walienda wapi?

Anza na visima. Kisima kilicho karibu na msikiti mkuu kilichimbwa tena kikaongezwa kina. Mtu hachimbi kisima mara ya pili kwa raha zake. Maji yalikuwa yanashuka. Mji wa mawe, wenye vyoo vya maji na msikiti wa kutawadha, bila maji unakuwa mzigo. Ongeza vita. Mwaka 1589 Wazimba, waliotoka pande za mto Zambezi, walishambulia Mombasa kisha wakapanda hadi Malindi, ambako walipigwa kwa msaada wa Wasegeju. Miaka minne baadaye Wareno wakahamia Mombasa, na mtawala wa Malindi akahamia huko pamoja nao. Kwa hiyo jirani mkubwa aliyevuta meli na wateja akafifia. Halafu kutoka kaskazini Waoromo walikuwa wanasukuma kuja kusini na mifugo yao, na miji ya upande wa bara ikawa si salama. Mnarani, ule mji ulio juu ya mkondo wa Kilifi, uliopita karibu nao ukivuka daraja, nao uliachwa kipindi hichohicho.

Maji yameshuka, biashara imehama, barabara ni hatari. Wewe ungekaa? Watu walihama kama watu wanavyohama, familia moja, kisha jirani yake, wenye pesa kwanza. Watu wa mwambao walijua kufunga mizigo: bara kukiwa kubaya unaenda kisiwani. Hakuna usiku mmoja wa ajabu. Siri yote ya Gede ni kisima kirefu na soko lililohama.

Kuhusu majini naomba nisieleweke vibaya. Wagiriama wanaoishi kuzunguka magofu wameyaheshimu muda mrefu, wanasema kuna waliotangulia wanaoyalinda, na wapo waliopeleka sadaka. Hata Kirkman aliandika kwamba alipoanza kazi alihisi kuna mtu anamtazama kutoka nyuma ya kuta. Sitabishana na mtu kuhusu roho. Ninachoona ni matokeo yake. Heshima hiyo ilizuia shoka. Msitu uliofunika mji ulibaki, mizizi ikashika kuta, watu hawakuja kubeba mawe wakajengee. Ni jambo lilelile lililookoa misitu ya kaya, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2008. Wanaotengeneza video wanachukua heshima hiyo, wanaigeuza kitisho, wanaweka muziki. Na mwenyeji, ambaye ndiye aliyeujua mji huu miaka yote, anageuka mtu wa ushirikina pembeni ya picha.

Mkifika, msikimbie Watamu mara moja. Palepale kwenye uwanja wa magofu kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wanakijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo, na mradi unawauza nje wakiwa bado kwenye vifuko vyao, wanaenda kuanguliwa kwenye nyumba za vipepeo za ng'ambo. Unafuga kipepeo kwa majani ya miti ya msituni, kwa hiyo msitu ukikatwa, pesa zimekatwa. Hakuna semina ya mazingira inayoshinda hiyo.

Msitu wenyewe ni kilomita za mraba 420 hivi, kipande kikubwa kilichobaki cha misitu mikavu ya mwambao huu. Nenda asubuhi mapema. Kuna sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, na kuna bundi wa Sokoke ambaye ni mdogo kuliko chupa ya soda. Mtembeze macho, usipige kelele.

Malindi ni safari fupi kutoka Gede. Watu wote huenda kwenye ile nguzo ya Vasco da Gama kupiga picha, na mandhari ni mazuri, sikatai. Lakini mjini humohumo kuna sanamu ya Mekatilili, na foleni ya wapiga picha hapo ni fupi zaidi. Nenda zote mbili siku moja.

Mimi mahali nilipopenda kuliko pote ni Mida Creek, njia ya Watamu. Ni mkondo wa bahari unaoingia bara, umezungukwa na mikoko, na kuna njia ya mbao zilizoning'inizwa juu ya mikoko mpaka kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ukiitazama ile mikoko ndipo vyumba vyembamba vya Gede vinapoeleweka. Ndani ya mkondo kuna kisiwa cha Kilepwa chenye magofu yake, ambayo Kirkman alichimba pia, na hakuna anayekitengenezea video. Jioni maji yakianza kutoka, ndege weusi kwa weupe wenye miguu mirefu hushuka kwenye tope kuwinda kaa. Huzaliana kwenye fukwe za Bahari ya Arabu na Ghuba, kisha huja huku msimu wao ukifika. Njia yao ni ileile ya majahazi ya kaskazi.

Mambo madogo kabla hamjapanga safari. Bebeni maji, kwenye magofu kuna joto la msitu lisilo na upepo. Vaeni viatu vilivyofungwa. Tumbili wa pale ni wajanja, ndizi ikionekana si yako tena. Msipande juu ya kuta kwa ajili ya picha, zimeshikwa na chokaa ya miaka 600 na kiatu chako kinaweza kuzimaliza. Lipeni mwelekezi wa pale kijijini, msitembee na simu tu. Mliye naye mwelekezi, mwambieni baada ya ikulu na msikiti awapeleke kati ya kuta mbili, pale pasipo na nyumba. Wetu alicheka, akasema "vijana, huko hakuna kitu", kisha akatupeleka, na kabla hatujafika ukuta wa nje alikuwa ameinama kutuonyesha kigae cha chungu kwenye udongo, chenye michoro ya kucha ukingoni. Alituruhusu kukitazama tu. Tukakiacha palepale.